Mashine Inasukuma, Haivuti

 Uwe Geita au Chunya, uwe Migori ng'ambo ya mpaka, uwe Shabunda au Mongbwalu kwa ndugu zetu wa Kongo, jioni hii nina neno na wewe. Nina neno na mwenye mashine ya maji, na aliyekodi, na yule anayedunduliza pesa anunue ya kwake. Na mama mwenye mwalo wa kuoshea dhahabu naye asiondoke redioni, kwa sababu mashine ikigoma, yeye ndiye wa kwanza kukaa mikono mitupu.

Neno lenyewe ni hili: mashine ya maji inajua kusukuma, kuvuta haijui. Nitalirudia mara nyingi jioni hii, maana hasara nyingi za mashine machimboni, na misiba pia, zinaanzia hapo.

Utaniuliza, inakuwaje haivuti na maji nayaona yanapanda kwenye mpira? Mtazame mtoto anayekunywa soda kwa mrija. Tunasema anaivuta. Kumbe anachofanya ni kuondoa hewa ndani ya mrija, halafu hewa ya nje, ile inayokandamiza soda kutoka juu, ndiyo inayoisukuma ipande mpaka mdomoni. Mashine yako nayo ni hivyo hivyo. Impela, lile gurudumu lenye mapezi ndani ya pampu, inapozunguka inayatupa maji upande wa kutokea, inaacha nafasi upande wa kuingilia, na hewa inayokandamiza mto au dimbwi ndiyo inayoyapandisha maji kuijaza nafasi hiyo.

Sasa, nguvu ya hewa ina mwisho wake. Pwani, pale Tanga au Mombasa, hewa inaweza kupandisha maji mita 10 hivi, basi. Hata ufunge injini ya lori, haitapita hapo. Na hizo 10 ni za kwenye hesabu. Ukitoa msuguano wa mpira na viungo vinavyoingiza hewa kidogo kidogo, unabaki na saba. Je, sisi wa Kanda ya Ziwa? Maji ya Ziwa Victoria yenyewe yako mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Huku hewa ni nyepesi. Zile 10 za Tanga huku ni tisa, na zile saba huku ni sita, ukiwa na mpira mzima na fundi makini.

Ndiyo maana nataka usikilize vizuri mazungumzo ya dukani. Mteja anauliza, "Kaka, hii inavuta mita ngapi?" Muuzaji anajibu, "Nane, bosi wangu, imeandikwa hapo." Na kweli imeandikwa. Hakudanganya. Ila namba hiyo ni ya usawa wa bahari, kwa mpira mpya, mashine ikiwa mpya. Wewe unaipeleka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, la mita tisa huko Geita, inanguruma siku nzima bila tone, unarudi dukani unagomba.

Kwenye boksi hilo hilo kuna namba mbili nyingine zinazowaponza watu. Moja inasema inapandisha maji mpaka mita 30. Nyingine inasema inatoa lita 1,000 kwa dakika. Mteja anazisoma pamoja: lita 1,000 kwenye kilima cha mita 30. Hapana, msikilizaji wangu. Namba hizo hazikai pamoja hata siku moja. Zile lita 1,000 ni pale maji yanapotoka bila kupanda popote. Zile mita 30 ni pale ambapo maji yamefika juu kabisa na hayatoki tena. Kazi yako iko katikati, na katikati hapo unapata maji kiasi na mwinuko kiasi. Ukitaka kujua kiasi gani, mwombe muuzaji karatasi yenye mstari unaopinda, unaoonyesha lita ngapi kwa mwinuko gani. Mashine za kampuni zinazojiheshimu huja na karatasi hiyo. Isipokuwepo, omba ijaribiwe mbele yako kwa mpira na mwinuko unaofanana na wa kwako, kabla hujatoa pesa.

Tuingie mtoni sasa. Wengi wenu mmeona au kusikia habari za mashine za kufyonza mchanga na changarawe chini ya maji. Kongo huziita dragi. Zile ndogo, zinazobebwa na watu wawili watatu, zilienea kwanza California, Marekani, katikati ya karne iliyopita, na huku kwetu dragi zimejulikana sana kwenye mto Ulindi, wilaya ya Shabunda, pale dhahabu ilipopamba moto kuanzia mwaka 2013. Ukiitazama utaona maboya au mapipa yamefungwa pamoja, injini juu yake, mipira inashuka majini, na sanduku la kuoshea limelala nyuma.

Watu wengi wanaamini kwamba changarawe inapita ndani ya pampu. Kwenye dragi ndogo ya aina ninayoisema, haipiti. Na hapa ndipo lilipo lile neno letu: mashine inasukuma, haivuti. Pampu inachukua maji safi karibu na uso wa mto, inayasukuma kwa nguvu kwenye mpira mwembamba mpaka kwenye kitundu kidogo tunachokiita jeti. Jeti imechomekwa kwa mshazari ndani ya bomba nene. Maji yakitoka pale yanatoka na kasi kubwa, na maji yenye kasi yanapunguza mgandamizo pale yanapopita. Mto wenyewe sasa, kwa uzito wake, unajisukuma uingie kwenye bomba nene kuziba upungufu huo, na ukiingia unabeba mchanga, kokoto na dhahabu mpaka kwenye sanduku. Pampu haijagusa jiwe hata moja. Impela inadumu, na sili, kile kipete kidogo kinachozuia maji yasivuje kwenye shafti, inadumu.

Iko aina nyingine, pampu ya tope, ambayo changarawe hupita ndani yake kabisa. Hiyo inataka chuma kigumu au bitana ya mpira, inataka injini kubwa, mara nyingi ya dizeli. Ukichukua pampu ya umwagiliaji ya kawaida ukaipitishia mchanga wa mtoni, utaitupa mapema mno. Nimeona impela zilizotolewa kwenye mashine za namna hiyo: mapezi yake yamelika, ukingo umekuwa mkali kama wembe, na nyumba ya pampu imetoboka ubavuni tundu unaloweza kupitisha kidole.

Turudi kwenye dragi ya jeti, kwa sababu kosa la pili ni la vipimo. Mwenye mashine anaona jirani ana mpira wa kufyonzea wa inchi 4, naye ana wa inchi 2. Anasema, na mimi nitanunua wa nne, nipate mara mbili yake. Msikilizaji, mpira wa inchi 4 hauzidi wa inchi 2 mara mbili. Unauzidi mara nne, kwa sababu kinachobeba maji ni uwazi wote wa mdomo wake. Pampu ile ile, maji yale yale, sasa yametandazwa kwenye uwazi wa mara nne. Kasi inaanguka. Na kasi ndiyo inayobeba jiwe. Mchanga utapita, kokoto zitalala ndani ya mpira, zitaitana, na baada ya muda mpira umeziba na vijana wanaugonga kwa rungu kutafuta pale palipojaa.

Kwa hiyo anza na pampu. Jua inatoa maji kiasi gani, kwa msukumo gani, ndipo uchague jeti, ndipo uchague mpira wa kufyonzea. Jeti ikiwa nyembamba mno, maji yana kasi lakini ni machache. Ikiwa pana mno, maji ni mengi lakini yamelegea, hayafyonzi kitu. Na mdomo wa mpira ule anaoushika mzamiaji uwekewe pete ya chuma, uwe mwembamba kidogo kuliko mpira wenyewe. Hapo jiwe lililoweza kupita mdomoni haliwezi kukwama njiani. Pete hiyo mchomeleaji yeyote anaitengeneza, na itakuokolea siku nzima za kazi.

Basi je, tukipandisha resi si itafyonza zaidi? Itafyonza, lakini sikia bei yake. Ukiongeza mzunguko kwa sehemu moja ya kumi, maji yanaongezeka kwa sehemu moja ya kumi. Nguvu inayodaiwa kwenye injini inaongezeka kwa theluthi nzima. Narudia: maji sehemu moja ya kumi, nguvu theluthi. Na petroli inaifuata nguvu, haiyafuati maji. Ndiyo maana wale wanaokaza gavana, kile kidhibiti cha mwendo wa injini, kwa waya ili injini ilie zaidi wanaona dumu la mafuta linaisha mapema na sanduku halina tofauti kubwa. Waya huo uondoe leo.

Na nguvu yenyewe huku kwetu haifiki ile iliyoandikwa. Injini nayo inahema. Kwa usawa wa Ziwa Victoria inapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, kwa sababu ya hewa ile ile nyepesi. Injini ya farasi 6.5 huku haifiki sita. Ukipanda milimani zaidi, petroli inakuwa nyingi kuliko hewa, moshi unakuwa mweusi na plagi inatoka na masizi. Fundi anayejua kazi atabadilisha tundu la petroli kwenye kabureta. Asiyejua atakuuzia plagi mpya kila wiki.

Mambo ya oili nitayapitia upesi, ila usiyapuuze. Injini hizi ndogo nyingi hujipaka oili kwa kuirusha kutoka chini, kwa hiyo zikilala upande, oili inakimbia kona moja na chuma kinasuguana na chuma. Juu ya maboya yaliyoinama, injini inakufa ikiwa na oili ndani yake. Ifunge ikae sawa. Kitabu cha nyingi kati ya hizo kinasema badilisha oili baada ya saa 20 za mwanzo, halafu kila saa 100. Kwa mkulima anayemwagilia bustani, saa 100 ni miezi. Kwako wewe unayewasha saa 10 kwa siku ni siku 10 tu. Na ekilina, kichujio cha hewa ya injini, isafishwe kila jioni, kwa maana vumbi la karasha, ile mashine ya kusaga mawe, halina huruma.

Sasa namna ya kuwasha. Kabla ya kuvuta kamba, fungua kifuniko cha juu cha pampu umimine maji mpaka yafurike. Pampu kavu haiwezi kuondoa hewa, na sili inapozwa na maji hayo hayo. Ikizunguka kavu kwa dakika chache, imeungua. Utasikia mlio umebadilika, unakuwa mwembamba, halafu harufu ya mpira ulioungua. Maji yasipokuja haraka, zima. Usisubiri. Shuka ukague futi-valvu kule mwisho wa mpira: mara nyingi ni jani moja tu limekwama, valvu haifungi, maji uliyomimina yanarudi mtoni. Halafu pitisha kiganja kwenye viungo vya mpira wa kuingizia. Kiungo kinachovuja maji unakiona. Kinachoingiza hewa hukioni, ila ukikipaka sabuni yenye povu, povu linavutwa ndani.

Msikilizaji, hayo yote ni ya mfukoni. Sasa nakuomba upunguze kelele hapo nyumbani, kwa sababu nakuja kwenye uhai.

Tumesema pampu haiwezi kupandisha maji kutoka chini zaidi ya mita sita hivi. Mchimbaji mwenye duara la mita 15 lililojaa maji ya mvua anafanya nini? Anasema, basi nitaishusha pampu chini, iyafuate maji. Anaifunga kamba, anaishusha na injini yake ya petroli, anaiweka kwenye ubao, anaiwasha. Na kweli inafanya kazi, maji yanapanda, kwa sababu sasa inasukuma na kusukuma inajua. Lakini injini hiyo inatoa moshi, na ndani ya moshi mna hewa ya kaboni monoksidi. Haina rangi. Haina harufu. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kuikamata kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu anaanza kuumwa kichwa, anadhani ni njaa. Anasikia kizunguzungu, miguu inalegea, anataka kupanda ngazi mikono inakataa. Mwenzake wa juu anaona kimya, anashuka kumwokoa. Naye hapandi. Anashuka wa tatu.

Nasema kwa nguvu zangu zote: injini ya petroli au dizeli haishuki shimoni. Haishuki kwa dakika tano, haishuki kwa kuwa bosi ana haraka, haishuki kwa kuwa jana ilishuka na hakuna aliyedhurika. Na isikae hata mdomoni mwa duara, kwa sababu moshi wake unaweza kuteremka humo ndani. Iweke mbali, upande ambao upepo unautoa moshi nje. Na kama mtu ameanguka ndani, mwenzangu, najua moyo utakusukuma umfuate. Usishuke. Zima injini, ingiza hewa safi kwa feni au kipulizia, ita msaada, na umvute kwa kamba kama alikuwa amefungwa. Ndiyo maana kila anayeshuka afungwe kamba na kuwe na watu juu wanaoishika. Na kumbuka, injini ikizimwa, sumu inabaki ndani. Haitoki yenyewe upesi.

Utaniuliza, basi maji ya mita 15 tuyatoeje? Tumia pampu ya umeme ya kuzama, ile ya maji machafu, na jenereta ikae juu, mbali na mdomo wa duara, waya ukiwa mzima na swichi ya kukata umeme ipo. Pampu inazama chini na kusukuma juu. Iko pia njia ya jeti, sawasawa na ya dragi: pampu inabaki juu, inasukuma maji chini kwa bomba moja mpaka kwenye jeti, na jeti inayapandisha mengine kwa bomba la pili. Inafaa visima virefu vya maji safi. Kwa tope la duara jeti huziba, kwa hiyo kwa mchimbaji ile ya umeme ndiyo ninayoipendekeza. Ni ghali kununua. Wenye maduara yaliyo jirani wanaweza kuchangia moja wakapokezana.

Sumu hiyo hiyo inamfuata mzamiaji wa dragi, naye anaishi kwa hewa ya mpira. Compressa inayompelekea hewa huendeshwa mara nyingi na injini ile ile inayosukuma maji. Sasa tazama mdomo wa compressa wa kuingizia hewa uko wapi. Kama uko hatua moja kutoka bomba la moshi, na upepo umegeuka, kijana aliye chini ya maji anavuta moshi na wewe uliye juu hujui. Inua mdomo huo kwa bomba refu, uelekeze upande upepo unakotoka. Compressa iwe ya aina isiyotumia oili, kwa sababu oili ikipata moto inatoa moshi wake yenyewe ndani ya hewa. Liwepo tangi dogo la akiba, ili injini ikikata ghafla mzamiaji awe na pumzi za kumfikisha juu. Na awepo mtu juu ambaye kazi yake ni moja tu, kumwangalia yeye. Shimo linalofyonzwa chini ya mto huwa linamomonyoka, na jiwe kubwa lililofyonzwa mchanga wa chini yake linabiringika bila taarifa.

Kabla muda haujatuishia, niseme la mto wenyewe. California, dragi ndogo zilikoenea kwanza, waliisimamisha kazi hii mwaka 2009. Walihofia samaki wanaotaga kwenye changarawe, na walihofia zebaki iliyoachwa na wachimbaji wa karne ya 19, imelala chini ya mto, ikifyonzwa inaamka na kusambaa. Hapa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, na kuchota maji ya kuoshea kunataka kibali cha bodi ya maji ya bonde. Kwa hiyo anayefikiria kununua dragi aende kwanza ofisi ya madini na ofisi ya bonde, dukani baadaye. Mimi ninaunga mkono mita hizo 60 bila kusita. Watu wanakunywa maji hayo.

Na kwa mwenye mwalo, kuyatunza maji kunalipa. Chimba mabwawa mawili yanayofuatana. Maji machafu yaingie la kwanza, tope litulie, yanayofurika yaingie la pili. Mpira wa pampu usiuache ulale chini kwenye tope. Ufunge kwenye dumu tupu uelee, futi-valvu ining'inie chini kidogo ya uso, pale maji yalipo safi. Impela itakushukuru, na utawasha mashine hata wiki ambazo mto umekauka.

Wiki ijayo, saa hizi hizi, tutalizungumzia sanduku: mwinamo wake, mikeka na blanketi, na kwa nini dhahabu laini inapita juu yake na kwenda zake kwenye marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa. Wenye maswali tuandikieni, na ukiandika tutajie kina cha shimo lako na inchi za mpira wako, ili tukujibu sawasawa.